Kutoka Springfield hadi Chicago, kwa Njia Aliyopita Kocha Stagg

Wageni wengi wanaofika Springfield, Massachusetts, wakiutafuta mwanzo wa mpira wa kikapu huja kwa ajili ya James Naismith, aliyeubuni hapo Desemba 1891 katika shule ya kuandaa walimu ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Mimi, mwalimu wa michezo wa sekondari, nilikwenda kwa ajili ya mwenzake, Amos Alonzo Stagg. Machi 1892, walimu wa shule hiyo walipopambana na wanafunzi wao hadharani kwa mara ya kwanza, walimu walifungwa 5 kwa 1, na goli lao pekee lilifungwa na Stagg.

Alikuwa ametokea Chuo Kikuu cha Yale. Huko alikwenda kusomea uchungaji, akawa mrushaji mahiri wa besiboli, na mwaka 1889 akateuliwa miongoni mwa wachezaji 11 wa kikosi cha kwanza cha nyota wa kandanda ya Kimarekani wa vyuo vyote. Klabu za besiboli za kulipwa zilimtaka, naye akakataa. Mimbari nayo ilimshinda, kwa kuwa alijiona hana ufasaha wa kuhubiri, basi akaamua kuwalea vijana uwanjani. Uamuzi huo ndio ulionitoa nyumbani.

Alasiri nilipanda treni ya Lake Shore Limited. Giza lilitukuta tumeshapita Albany, na usiku tukaambaa na Ziwa Erie nisiloliona ila kwa taa chache za mbali. Stagg alihama kutoka Springfield kwenda Chicago mwaka 1892, akiitwa na William Rainey Harper, aliyewahi kumfundisha Yale na sasa akiwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago. Harper hakumchukua kama kibarua wa msimu. Alimpa cheo cha mwanataaluma, sawa na wanaofundisha historia au kemia. Nililifikiria jambo hilo hadi usingizi ukanichukua, maana najua shule ambako kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kufutwa mitihani inapokaribia.

Asubuhi, katika mtaa wa Hyde Park, nilipokewa na kijana wa Mombasa anayesoma chuoni hapo.

“Shikamoo, mwalimu. Tuanze na uwanja?”

“Marahaba, mwanangu. Uwanja kwanza.”

Uwanja wenyewe haupo tena. Mahali Stagg alipofundisha kandanda ya Kimarekani kwa misimu 41, na alipoifunga timu ya Chuo Kikuu cha Michigan 2 kwa 0 mwaka 1905 baada ya timu hiyo kucheza mechi 56 bila kushindwa, pamesimama maktaba ya Regenstein, jengo zito la mawe ya kijivu. Kando yake kuna sanamu ya shaba ya mchongaji Henry Moore, inayoonyesha mahali ambapo, tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la magharibi la uwanja huo, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake waliendesha mtambo wa kwanza wa nyuklia. Niliigusa, ilikuwa baridi, na sehemu zinazofikiwa na mikono zimelainika.

Kilichonigusa zaidi ni ukumbi wa Bartlett, jengo la mazoezi lililofunguliwa mwaka 1904. Siku hizi wanafunzi hula humo, lakini juu ya meza zao njia ya kukimbilia bado inauzunguka ukumbi mzima. Stagg alifundisha pia riadha na besiboli kwa miaka mingi, na nilipoinua macho niliwaona vijana wake wakikata kona ile nyembamba wakati wa baridi, theluji ikiwa imefunika kila kitu nje.

Chuo kilimstaafisha mwaka 1932 kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka 70. Naona kilikosea. Alikataa kazi ya ofisini aliyopewa, akaenda Stockton, California, akafundisha misimu 14 katika Chuo cha Pacific, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Alifariki mjini humo mwaka 1965, akiwa na miaka 102.

Kijana alinisindikiza hadi Union Station na kunibebea begi mpaka mlangoni. Saa nane mchana treni ya California iliondoka, nami nikiwa nimekaa upande wa dirisha.