Kupima protini za utando zikiwa bado na lipidi zake

Protini ya utando wa seli haipendi maji. Ukiitoa kwenye mafuta yake bila kuivika sabuni, inagandamana na kuzama chini ya kichupa, na hapo hakuna cha kupima. Kwa hiyo inaingia kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, ikiwa ndani ya miseli, yaani kitonge kidogo cha sabuni, kisha inavuliwa sabuni hiyo humo humo.

Kazi kubwa iko kwenye bafa, yaani kimiminika kinachobeba protini. Sodiamu ikibaki inang'ang'ania protini, vilele kwenye grafu ya mashine vinanenepa. Hamishia protini kwenye asetati ya amonia, milimola 200 kwa lita, pamoja na sabuni mara mbili ya kiwango chake cha kuunda miseli. Kwa sabuni iitwayo C8E4 ni takriban asilimia 0.5. DDM, sabuni nyingine, ni nzuri sana wakati wa kusafisha protini, ila ndani ya mashine ni ngumu kuvuliwa. C8E4 huachia kwa nishati ndogo, na kwa lipidi dhaifu hilo ndilo la maana kuliko yote.

Tia mikrolita 2 au 3 kwenye sindano ya kioo iliyopakwa dhahabu. Pandisha polepole nishati ya migongano na gesi ndani ya mashine, ndiyo inayovua sabuni: kwanza utaona kilima kipana kisicho na umbo, kisha vilele vitachomoza. Ukizidisha, lipidi zinadondoka na protini inafunguka.

Mashine huonyesha masi ikigawanywa kwa chaji, kwa hiyo lipidi ya dalton 720 (dalton ni kipimo cha masi ya molekuli) kwenye protini yenye chaji 15 husogeza kilele kwa 48. Angalia: kadiolipini moja, lipidi kubwa ya takriban dalton 1,400, inakaribiana na lipidi mbili za namna hiyo. Kilele kikiwa kinene, hutazitofautisha.