Siku moja maishani mwangu: boila ya nje, kuni mbichi na shuka za jirani

Saa 10:40 alfajiri. Hapa Molo mwezi wa Julai huhitaji saa ya kukuamsha. Mguu ukichomoza nje ya blanketi, umeshaamka. Tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi ukungu hushuka mpaka unamsikia ng'ombe kabla hujamwona. Navaa gambuti, koti la mvua na kofia ya sufu ya marvin, natoka na tochi.

Boila iko hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani ni choo cha mabati kilichoota dohani. Ndani kuna chumba cha moto cha chuma kizito, na kukizunguka pande zote kuna tangi la lita 400. Pampu ndogo ya stima husukuma maji moto kwenye bomba zilizozikwa ardhini, mita kumi na mbili, hadi nyumbani. Huko yanapita katika mabomba ya chuma yaliyopindwa ukutani, chumbani kwa mama yangu na sebuleni, kisha yanarudi kupashwa tena. Maji ya kuoga hayachanganyiki na hayo. Yenyewe hupita ndani ya koili ya shaba iliyozama kwenye tangi.

Wazo lilitoka kwa binamu yangu anayeishi Minnesota, kule Marekani, ambako vitu hivi vimesimama nje ya nyumba nyingi za mashambani. Alinitumia picha. Fundi wangu wa jua kali mjini Nakuru akaikazia macho kwenye simu, akajikuna kichwa, akasema, "Mwalimu, hii si ni drami ndani ya drami?" Kimsingi alikuwa sahihi. Mimi nilichotaka ni moto ubaki nje. Mama amevuta moshi wa jikoni miaka yote ya maisha yake na kifua chake kinamdai. Na kulala na jiko la makaa chumbani nilikataa kabisa: ile hewa haina rangi wala harufu, na watu hawaamki.

Geji ya joto la maji inasoma nyuzi 48. Jana usiku niliiacha kwenye 70.

Sababu naijua, na aibu ni yangu. Kuni za mwaka huu ziliisha Mei, tulipopikia ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yangu siku tatu mfululizo kwa sufuria za kukodi. Wiki jana nikanunua mzigo wa mkaratusi kwa mtu aliyeapa kuwa zimekatwa tangu Januari. Nilichukua vipande viwili nikavigonganisha. Kuni kavu hulia "ko!" kama rungu. Hizi zikalia "pu". Nikalipa hivyo hivyo, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na stoo ilikuwa tupu.

Sasa nikifungua mlango, magogo yanachuruzika povu nchani na kulia kama chapati kwenye mafuta. Mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto lazima uyachemshe hayo kwanza, uyageuze mvuke, ndipo ukukumbuke wewe na nyumba yako. Usiku kucha nimekuwa nikipika magogo.

Saa 11:30 nakamua. Maji ya kuosha viwele ni vuguvugu tu na ng'ombe mkubwa ananipiga teke la onyo. Saa 12:20 lori la maziwa linapita. Mama anauliza kutoka chumbani kwa nini bomba limekuwa baridi kama la kanisa. Namwambia nalishughulikia.

Saa 2:15 asubuhi. Jirani yangu yuko langoni na shuka mbili mkononi. Ni mjane aliyenizidi umri, tumepakana miaka kumi na tisa, na hajawahi kupandisha sauti. Leo pia hakupandisha.

"Mwalimu, nusa."

Nikanusa.

"Hizi ni za kulalia. Mbona unazikausha kama samaki wa Kisumu?"

Sikuwa na jibu. Upepo wa asubuhi hutoka kwangu kwenda kwake, dohani yangu ni fupi, na moshi wa kuni mbichi ni mzito, hutambaa chini badala ya kupanda. Kule Marekani malalamiko ya moshi wa boila hizi yalifika mbali mpaka mwaka 2015 serikali ikaweka viwango vya moshi kwa zile mpya zinazouzwa. Hapa kwetu kiwango ni jirani. Nikamwomba radhi, nikamwambia leo nauzima moto kabisa na kusafisha. Akasema, "Haya," ile haya ambayo si haya.

Saa 3:00 mpaka saa 6:00 na nusu. Hii ndiyo kazi yenyewe, na hakuna anayeipiga picha. Naacha moto ufe. Napanda ngazi na brashi ya waya iliyofungwa kwenye mwanzi, nasugua dohani kutoka juu kwenda chini. Kinachoshuka si masizi makavu ya kawaida. Ni kitu cheusi kinachong'aa, kama lami iliyomwagika ikagandia. Moshi wenye unyevu ukikutana na chuma kilichopoa huganda hivyo, na ukiachwa ukawa mnene, siku moja unawaka wenyewe ndani ya dohani, na hapo paa la mabati haliko mbali. Nimejaza kopo la rangi la lita nne kwa siku sita tu za kuni zile!

Chini nazoa majivu, nabakiza kitanda cha kama inchi mbili kwa sababu moto hupenda kulalia majivu. Mengine yanaingia kwenye debe la bati lenye kifuniko, juu ya jiwe, mbali na nyasi. Kaa linaweza kujificha humo siku mbili likiwa hai. Baadaye yataenda kwenye sukuma wiki. Kwenye viazi siyapeleki hata kwa kushawishiwa: majivu hupunguza asidi ya udongo, na ugonjwa wa vigaga kwenye viazi unapenda udongo wa namna hiyo.

Kisha napapasa chuma kwa vidole, pembe za chini, nyuma. Maji yanayorudi kutoka nyumbani yakiwa baridi mno, kuta za chumba cha moto hutoka jasho kwa ndani, na jasho hilo likichanganyika na majivu na masizi hula chuma polepole. Ndiyo maana sipendi geji ishuke chini ya 60. Kidole kinarudi na unga wa kutu, si nyingi. Kamba ya kuziba mlango usivuje moshi imekakamaa upande mmoja, nabadilisha.

Saa 8:00 mchana. Rafiki yangu mwenye pikapu ananipeleka Elburgon kutafuta mabanzi, yale mabaki ya pembeni gogo linapopasuliwa mbao. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya umma ilipowekwa Februari 2018, mabanzi yalikuwa kama dhahabu na viwanda vingi vya mbao vilinyamaza. Tangu Rais atangaze kuiondoa Julai 2023 unaweza tena kusikia misumeno. Tunapata mabanzi ya sipresi yaliyokaa chini ya paa, mepesi, yenye nyufa nchani, na magogo machache ya mti ambao Wakikuyu hapa huuita muthanduku, magumu, ya kulaza usiku. Nayagonganisha yote. Kijana wa stoo ananicheka.

Ananiongezea bure vipande vya nguzo kuukuu, vya kijanikijani. Navirudisha. Miti iliyotiwa dawa ya namna ile ina aseniki, na ukiichoma, aseniki inabaki kwenye majivu. Ng'ombe hupenda kulamba majivu.

Mkaratusi wangu mbichi sikuutupa. Nimeupasua nikaupanga nyuma ya boma, juu ya mawe, pembeni wazi upepo upite, kichwani mabati. Tuonane Julai ijayo.

Saa 11:10 jioni nawasha. Njiti moja. Kufikia saa 12:30 geji iko 74 na mama ameacha kuuliza.

Saa 1:05 usiku stima inapotea. Pampu inasimama, moto hausimami. Nakimbia na tochi kufunga kidirisha cha hewa, naubana mlango, halafu nasimama tu nikisikiliza. Kwa urefu wetu huu maji huchemka karibu nyuzi 92, si 100, kwa hiyo nafasi yangu ni ndogo kuliko ya mtu wa Kisumu. Geji ikapanda 83, 86, ikatulia 88. Kama ingezidi, mvuke ungetokea kwenye bomba la kupumulia lililo wazi juu ya tangi. Fundi wa pili aliyewahi kuja hapa alitaka kuliziba "ili joto lisipotee". Nilimlipa nauli akaenda. Tangi la maji lililozibwa juu ya moto ni bomu.

Stima ikarudi saa 2:40. Pampu ikakohoa, ikaendelea.

Saa 3:00 usiku mtu anagonga lango. Ni jirani, tochi mkono mmoja, jerikeni ya lita ishirini mkono wa pili.

"Mwalimu, nasikia leo yako yamechemka."

Nikamjazia kwenye bomba la koili, nikaibeba jerikeni mpaka mlangoni kwake. Njiani akasimama akatazama dohani. Moshi ulikuwa uzi mwembamba, ukienda juu wima.

"Kesho nafua tena zile shuka. Unatia kuni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Halafu siongezi mpaka jioni."

"Basi nitaanika saa tatu," akasema, akachukua jerikeni yake.