Kuki ikirudi seva, haiji na maelezo yake

Kuki ni kipande kidogo cha data ambacho seva hukipa kivinjari kikitunze na kukirudisha. Nikiitwa kuangalia skripti ya PHP ambayo "haisomi kuki", $_COOKIE, mahali PHP inapoziweka kuki ilizopokea, naiweka pembeni kwanza. Nachapisha $_SERVER['HTTP_COOKIE'], yaani mstari mbichi kama ulivyotoka kwenye kivinjari, kabla PHP haijautia mkono. Mara nyingi jibu liko hapohapo.

Dogo mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza majuzi, "Kaka, muda wa kuki kuisha nausomaje?" Husomi. Ukituma Set-Cookie, mstari wa jibu la seva unaotoa kuki, unaeleza mengi: muda wa kuisha, Path (sehemu ya tovuti inakotumika), Domain (kikoa chake), Secure (iende kwa HTTPS tu), HttpOnly (JavaScript isiisome). Kivinjari huyabakiza yote kwake. Ombi linalofuata linaleta jina na thamani tu, jozi kwa jozi, katikati nuktamkato. Ukitaka seva ijue kuki ilitolewa lini, tarehe iandike ndani ya thamani yenyewe au itunze kwenye hifadhidata.

Ndiyo maana kuki mbili zenye jina moja zinasumbua watu kiasi hiki. Moja ina Path ya /, nyingine ya /admin. Ukifungua ukurasa ulio chini ya /admin zinakuja zote mbili, na hakuna kinachokuonyesha ipi ni ipi. RFC 6265, waraka wa kanuni za kuki wa mwaka 2011, inakitaka kivinjari kitangulize yenye Path ndefu, halafu hiyohiyo inaishauri seva isitegemee mpangilio huo! PHP huchukua ya kwanza. SimpleCookie, kisomaji cha kuki cha Python, hubaki na ya mwisho. Sasa hamisha mfumo kutoka lugha moja kwenda nyingine uone watu wanavyotolewa nje ya akaunti zao bila sababu. Dawa ni kutoa majina tofauti, basi.

Halafu kuna nukta. JavaScript ikiandika kuki inayoitwa mtumiaji.lugha, ndani ya PHP itafute kwa jina la mtumiaji_lugha. Mstari mbichi utakuonyesha nukta yako ipo salama. PHP ndiyo iliyobadilisha.

La kuki uliyoituma kwa setcookie(), amri ya PHP ya kutoa kuki, kutoonekana kwenye $_COOKIE papo hapo sitalirefusha: unaagiza sasa, unasoma kwenye ombi lijalo.

Ila hili nalisema kila mara, hata wakinichoka. Thamani ya kuki imekaa kwenye mashine ya mtu mwingine, na ataiandika atakavyo. Nimeshakuta admin=1 ikiaminiwa hivihivi. Isaini kwa hash_hmac(), inayotumia ufunguo wa siri wa seva, na saini uilinganishe kwa hash_equals(), au tuma namba ndefu ya nasibu isiyokisika tu na mengine yabaki seva. Na kabla ya yote hayo pima kwa is_string() kama thamani ni maandishi, kwa sababu mtu akituma jina rangi[] badala ya rangi, PHP inakupa safu (array), na strlen(), inayopima urefu wa maandishi, kwenye PHP 8 inagoma kwa TypeError, kosa la aina ya data.