Supu ya pweza, taurini na kisukari

Shangazi yangu wa Wete, ambaye ana kisukari cha aina ya pili, aliniuliza iwapo ni kweli kwamba supu ya pweza hushusha sukari. Swali lake lina msingi, ingawa supu hiyo hapa kwetu husifiwa zaidi na wanaume, tena kwa sababu nyingine kabisa.

Pweza, kama walivyo ngisi na kombe, ana taurini kwa wingi. Hii ni asidi amino ambayo wataalamu wa Kijerumani, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, waliipata katika nyongo ya ng'ombe mwaka 1827. Taurini haijengi protini. Mwili huitumia, miongoni mwa kazi nyingine, kutengeneza chumvi za nyongo na kuzikinga seli. Mara nyingi damu ya wagonjwa wa kisukari imekutwa na taurini pungufu, na panya wa maabara waliosababishiwa ugonjwa huo, walipopewa taurini, sukari yao ilishuka na figo zao zikadhurika kidogo kuliko za wenzao. Kwa binadamu ushahidi bado ni mchache: majaribio mengi yalikuwa na washiriki wachache, waliopewa kiasi cha gramu 1.5 hadi 3 kwa siku, na wapo waliopata nafuu katika sukari ya asubuhi kabla ya kula, na wapo ambao hawakubadilika.

Nilimjibu, basi, kwamba ale pweza wake kwa raha, lakini asipunguze metformin, dawa yake ya kisukari, hata kidonge kimoja bila ya kumwona daktari. Nilimwomba pia asiyamwage yale maji mekundu ambayo pweza huyatoa mwenyewe sufuriani, kwani taurini huyeyuka katika maji. Ila chumvi aitie kwa kiasi, maana presha nayo anayo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vile vinavyoandamana na pweza, yaani sahani ya wali iliyojaa pomoni usiku, au boflo la kuchovya mchuzi wa nazi, kwa sababu wanga huo hupandisha sukari kwa uhakika ambao taurini haijauonyesha katika kuishusha. Vibaya zaidi ni vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo baadhi ya watu huvidhania dawa kwa kuwa jina la taurini limeandikwa kwenye kopo. Kopo la mililita 250 huweza kuwa na taurini miligramu 1,000, pamoja na sukari gramu 27, na hiyo sukari ndiyo itakayoonekana kwenye kipimo.