Shaba ndani ya tundu: mrututu, asidi ya betri na wino mweusi

Bodi ya saketi ya pande mbili, yaani yenye njia za shaba za kupitisha umeme juu na chini, ina tatizo moja ambalo bodi ya upande mmoja haina. Njia ya juu inafika kwenye tundu, ya chini nayo inafika, lakini kati yake kuna milimita 1.6 za faibaglasi isiyopitisha umeme. Kama matundu ya kuunganisha ni sita tu, usijisumbue: pitisha kipande cha waya, lehemu juu na chini, kazi imekwisha. Kupaka shaba ndani ya tundu kwa umeme kunaanza kulipa matundu yanapofika makumi, au kifaa kinapokaa juu ya matundu na ncha ya pasi ya lehemu haifiki.

Toboa kwanza, paka shaba, kisha ndipo uchore njia na kuondoa shaba isiyotakiwa. Ukianza na njia, kila kisiwa cha shaba kitakuwa peke yake na umeme hautafika kwenye matundu yote. Shaba itajengeka pia juu ya uso wa bodi, kwa hiyo anza na bodi ya FR4 (faibaglasi iliyoshikwa kwa gundi) yenye shaba ya mikroni 18 badala ya 35; mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Ukianza na 35 ukaongeza 25, utakuwa na mikroni 60 za kuondoa, na kemikali itakula ubavuni mwa njia nyembamba kabla haijamaliza kwenda chini.

Kwa kutoboa, tumia biti za kabaidi, ambazo ni ngumu kuliko chuma. Biti ya chuma cha kawaida hufa mapema kwenye nyuzi za kioo, kisha huchana ukuta badala ya kuukata. Weka kipande cha hadibodi chini ili shaba isifanye kingo kali upande wa kutokea. Chagua biti iliyozidi kipimo cha mwisho kwa milimita 0.1. Halafu piga msasa mwepesi, osha kwa brashi na sabuni, na upulizie kila tundu. Vumbi la kioo linalobaki ndani ndilo baadaye huonekana kama vipele vya shaba.

Sasa tuje kwenye ukuta wa tundu, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Ukuta haupitishi umeme, kwa hiyo unahitaji kwanza utando unaopitisha, ili shaba ipate pa kushika. Viwandani hutumia paladiamu (metali) au kaboni. Kuna pia njia ya kuchoma haipofosfiti ya shaba ndani ya matundu. Inafanya kazi, lakini joto hilo linaweza kutoa gesi ya fosfini, yenye sumu na inayowaka. Nyumbani mimi napendekeza kaboni. Chukua wino mweusi wa kuchorea uliotengenezwa kwa masizi (wino wa kalamu ni rangi tu, haupitishi umeme), mililita 50, ongeza kijiko cha chai cha unga laini sana wa grafaiti na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Paka pande zote, kisha vuta hewa kupitia matundu kwa mashine ya kufyonza vumbi. Tundu lililojaa wino ni baya kama tundu lisilo na wino. Kausha kwa nyuzi 100 hadi 120 kwa dakika 20, kwenye oveni isiyopikiwa chakula, kisha rudia mara ya pili.

Wengi huishia hapo na kuingiza bodi kwenye tangi la kupakia shaba. Kosa! Kaboni imefunika pia ukingo wa shaba mdomoni mwa tundu. Shaba mpya ikikaa juu ya kaboni hiyo haitashikana na ile ya zamani, na siku ya kulehemu pete ya shaba iliyozunguka tundu inabanduka pamoja na shaba yote ya ndani. Futa uso kwa msasa namba 600 wa maji, halafu 1000. Kisha chovya bodi sekunde 30 hadi 60 kwenye gramu 100 za sodiamu pasalfeti (kemikali inayokula shaba) kwa lita moja ya maji, pamoja na mililita 40 za asidi ya betri. Dawa hii hupenya kaboni, hula shaba kidogo chini yake, na kaboni huachia ikikosa pa kushika. Kwenye kioo na gundi haina cha kula, kwa hiyo kaboni ya ukutani inabaki. Suuza kwa maji mengi. Kipande cha majaribio chenye tundu moja kitakuambia ukweli: mita ya umeme ikionyesha umeme haupiti kabisa kutoka juu kwenda chini, rudi kwenye wino.

Tangi lenyewe ndilo rahisi. Kwa lita moja: gramu 75 za mrututu, ule wa bluu wanaonyunyizia kahawa, na mililita 380 za asidi ya betri yenye uzito mara 1.28 ya maji, ambazo ni kama gramu 180 za asidi halisi. Jaza maji yaliyosafishwa. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa miwani na glavu. Mrututu wa shambani una uchafu, hivyo uyeyushe kwa maji moto, uchuje, uuache ugande upya. Inahitajika pia kloridi kidogo, karibu miligramu 60. Mizani ya jikoni haipimi hivyo: yeyusha gramu 10 za chumvi isiyo na madini joto katika lita ya maji, chota mililita 10. Ongeza gramu 0.2 za makrogoli 3350, ambayo kwa kawaida ni dawa ya kulainisha choo. Tafuta isiyo na ladha wala chumvi. Bila hizo mbili shaba hutoka yenye chembe kubwa, na hukatika.

Bodi huunganishwa kwenye hasi ya umeme, na anodi, yaani shaba inayotoa shaba mpya, kwenye chanya. Kwa anodi, bomba la shaba la mafundi wa friji ni bora kuliko waya wa umeme, kwa sababu lina fosforasi kidogo. Litavaa utando mweusi, usiusugue. Lifunge kwa kitambaa cha polipropilini, na weka anodi pande zote mbili za bodi.

Bodi ya sentimita 8 kwa 10 ina desimita za mraba 1.6 ukihesabu pande zote. Kwa ampea 1.5 kila desimita, ni ampea 2.4, na uso unapata takriban mikroni 20 kwa saa. Ndani ya tundu hupungua, kwa hiyo acha dakika 90. Anza na nusu ya umeme, bodi ikiyumbishwa, na pampu ya tangi la samaki ikipuliza hewa. Baada ya robo saa itoe, itazame kwenye mwanga: rangi ya waridi inatambaa kutoka midomo miwili kwenda katikati. Mkanda mweusi usiopungua hata baada ya nusu saa ni kaboni iliyokatika, au kiputo cha hewa. Kiputo hutoka ukiinamisha bodi na kuigonga. Kingo zikiwa nyeusi na za unga, umeme umezidi.

Wakati wa kulehemu, lehemu ikitema mapovu ujue shaba ni nyembamba: unyevu wa faibaglasi unatokea ukutani. Viwanda hulenga wastani wa mikroni 20 hadi 25.

Kwa kuchora njia, tumia filamu kavu, yaani karatasi ya plastiki inayokinga shaba, inayofunika mdomo wa tundu kama ngoma. Tona ya printa haifuniki tundu; feriki kloridi, kemikali ya kuondoa shaba isiyotakiwa, itaingia na kula ndani ya dakika chache kile ulichojenga kwa saa moja na nusu. Ukilazimika kutumia tona, ziba kila tundu kwanza.

Maji ya kusuuzia usiyamwage. Tia magadi kidogo kidogo hadi povu liishe, acha tope la kijani litulie chini, kisha lihifadhi kama taka ya sumu. Tangi lenyewe likifunikwa hudumu muda mrefu. Ongeza maji tu yanapopungua.