Siku moja maishani mwangu: mimi na kofia za dohani

Watu wakiniona jioni na uso mweusi hudhani nimetoka kuchoma mkaa. Mimi nasafisha dohani za majiko ya kuni, na kitu kinachonipandisha juu ya mapaa kila siku ni kofia, kile kifuniko kidogo chenye wavu kileleni mwa bomba la moshi. Mwenye nyumba haikumbuki mpaka siku moshi unaporudi chumbani.

Saa 12 asubuhi nakagua vifaa. Brashi ya waya ni ya dohani za matofali. Ya plastiki ngumu ni ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu, maana waya huyakwaruza. Kisha vijiti vya kuunganisha, kikwangua, ngazi ya paa, mkanda wa usalama, glavu na barakoa. Barakoa siiachi hata kwa kazi ya dakika tano. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha dohani, akasema chanzo ni masizi. Wengi wao walianza kazi hiyo utotoni, wakipenyezwa ndani ya dohani kwa sababu ya udogo wao. Kila nikifunga barakoa nawakumbuka.

Saa 2 hadi saa 4 nimemaliza nyumba mbili. Masizi yalikuwa makavu, ya unga, na kofia zilisafika kwa brashi tu.

Saa 4 na nusu nikafika kwa mteja wa tatu, nikakuta jiko linawaka.

Jana nilimpigia simu nikamwomba asiwashe tangu jioni. Akaitikia. Sasa anafungua mlango, joto linanipiga usoni, naye ananiambia, "Kijana, wewe si umekuja kwa ajili ya kofia tu? Panda ugonge huo uchafu udondoke, basi."

"Mzee wangu, siwezi. Nikiugonga utadondokea kwenye moto, na uchafu huo wenyewe unawaka. Tena huko juu nitakuwa navuta kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu."

Akaguna. Maji hayamwagwi kwenye jiko la moto, chuma na kioo hupasuka, kwa hiyo tukasubiri kuni ziishe na chuma kipoe. Saa moja, saa ya pili. Kila baada ya muda anatoka kunieleza kuwa fundi wa zamani hakuwa na mambo haya. Nyumba ya nne inanisubiri, na simu yao inaita mfukoni.

Nilipopanda hatimaye, nilielewa kwa nini moshi ulikuwa unamrudia. Wavu ulikuwa umeziba pande tatu kati ya nne. Haukuwa unga tena, ulikuwa ganda jeusi linalong'aa, gumu kama sukari iliyoungulia sufuriani. Hiyo ndiyo kreosoti. Moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke na lami iliyomo huganda kwenye chuma, na hakuna mahali pa baridi kwenye bomba kama kofia, iliyokaa juu peke yake ikipigwa na upepo. Basi kofia huziba kwanza, moshi unakosa pa kutokea, unapanda polepole, unapoa zaidi, na bomba zima linaanza kujipaka. Ganda hilo likishika moto ndani ya dohani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Nyumba huungua hivyo.

Skrubu zilikuwa zimeshikana na lami. Nusu saa nzima nilikuwa nimepiga goti juu ya paa, kikwangua mkononi, ganda likitoka vipande vipande naviweka kwenye ndoo. Mabega yaliwaka. Kisha brashi ikashuka hadi chini, ikarudi, ikashuka tena.

Mzee akapaza sauti kutoka chini: "Huo wavu si uukate tu? Hautaziba tena!"

Nikashuka kumjibu, maana jambo hili silisemi kwa kupiga kelele. Wavu unazuia cheche zisiruke zikatua juu ya paa, na unazuia ndege wasijenge ndani. Kinachouziba ni kuni. Akaapa kuni zake ni kavu, aliyemuuzia alimhakikishia. Nikachukua gogo moja, nikalipasua, nikachomeka kipima unyevu kwenye upande mpya uliopasuka. Kikasoma 31. Kuni za jiko hazitakiwi kuzidi asilimia 20.

Akanyamaza. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema usiku huwa anabana tundu la hewa ili magogo yadumu mpaka asubuhi. Hasira yangu yote ikaisha hapo. Alikuwa anataka nyumba isipoe, kumbe moto wa kufukuta usiku kucha ndio uliokuwa unajaza kofia yake. Tukakaa nikamwonyesha: kuni kavu chache, hewa ya kutosha, moto mchangamfu.

Sikuangalia saa nilipotoka. Kwenye nyumba ya nne kulikuwa na kofia isiyo na wavu na kiota kikavu ndani ya bomba, nikakitoa nikiwa sina nguvu hata ya kuongea. Jua lilikuwa limeshazama nilipofunga ngazi juu ya gari.

Nimeoga mara mbili, weusi wa kwenye kucha umebaki. Kabla ya kulala nimempigia mteja wa kesho, nikamwomba asiwashe jiko usiku huu. Akauliza kwa nini, ilhali ni kofia tu. Nikaketi kitandani nikaanza kumweleza.