Beshte yangu wa kusoma kila kibao

Kuna watu ukitembea nao tao mnafika haraka. Huyu wangu si mmoja wao. Yeye husimama. Akiona kibao anasoma, akiona jiwe la msingi kwa ukuta wa ofisi anataka kujua nani alilifungua mwaka gani, karanga zikifungwa na gazeti anamaliza gazeti kwanza halafu ndio anakula karanga, na kama hakuna kitu ya kusoma basi anashika askari wa geti maswali. Mimi nayo ni msusi, kazi yangu ni mikono na saa, mteja anaingia asubuhi anataka rasta ndogo ndogo hadi kiunoni na mchana awe kwa ruracio, sherehe ya mahari, huko Njoro, sasa hiyo nafasi ya kusimama nasoma vibao natoa wapi jameni.

Tulijuana ju ya ploti. Tenki moja, kamba moja ya kuanika nguo, tokeni za stima zikiisha usiku mnakopeshana mshumaa. Yeye ni wa Kisumu, alikuja Nakuru kikazi, anapima maziwa kwa maabara. Ananiita nyar Nakuru, yaani binti wa Nakuru kwa Kijaluo, na hilo jina ndilo lilianza kunisumbua kidogo, maanake mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, na huyu wa kuja juzi ndiye alikuwa ananionyesha kwetu.

Mfano Hyrax Hill. Hiyo kilima nimeipita tangu nikiwa mtoto nikienda Lanet, kwangu ilikuwa tu stage, mtu anaambia konda "nishukishe Hyrax" maisha inaendelea. Siku moja Jumapili akasema twende tukapande, nikasema sawa ju alisema atanunua chakula. Wacha niwaambie. Kumbe pale juu watu wameishi maelfu ya miaka kabla hata mtu afikirie kujenga Nakuru. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alichimba hapo 1937, akapata makaburi ya zamani sana, na kina mama walikuwa wamezikwa na vyombo vyao vya mawe, wanaume hawana kitu. Nilisimama hapo nikacheka peke yangu, nikafikiria nyanyangu na sufuria zake, hata akiwa kuzimu hangeacha mtu ashike. Halafu kuna yale mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kitambo, mabonde ya duara hivi kwa nyasi, ukipita bila kuambiwa utadhani ni ardhi imezama tu. Kwa muda mrefu wasomi walidhani watu walikuwa wanaishi ndani ya hayo mashimo, baadaye wengine wakachimba vizuri wakaona la, hizo zilikuwa boma za ng'ombe, nyumba zenyewe zilikuwa zimeshikana kando. Beshte yangu hiyo ndiyo ilimfurahisha zaidi. Si shimo, ni vile watu wa digrii walikubali kurudi nyuma wakasema tuangalie tena. Alirudia hiyo stori hadi tukafika kwa gari.

Na kuna bao imechongwa kwa mwamba! Vishimo vimepangwa safu safu, mtu alikaa hapo kitambo akachonga jiwe ili acheze. Kwao wanaita ajua. Tulitafuta vijiwe tukaanza kucheza palepale, akanipiga, nikasema turudie, akanipiga tena, jua likatuchoma vizuri.

Sasa pimbi. Wale wanyama wadogo kama sungura asiye na masikio, wanaota jua kwa mawe. Aliniambia ndugu wa karibu wa pimbi kwa wanyama walio hai ni ndovu na nguva. Nikakataa kabisa. Akanionyesha kwa simu, nikasoma, ni kweli, wametoka ukoo mmoja, hata meno ya mbele ya pimbi yanaendelea kukua vile pembe za ndovu hukua. Jumatatu nikafika salon nikaanza kumwambia mteja hii mambo ya pimbi na ndovu nikiwa katikati ya kichwa, akaniangalia kwa kioo akasema, "Madam, punguza kuvuta nywele na upunguze hadithi." Lakini ameshawahi kurudi, na aliporudi aliuliza, je, kuna ingine?

Iko. Mambo ya ziwa kwa mfano. Hapa Nakuru kila mtu analalamika flamingo walienda, utasikia ati ni laana, ati ni uchafu wa mji peke yake. Yeye alinieleza polepole: ziwa letu halina mto wa kutoka, mito inaingia, Njoro, Makalia, Enderit, maji yanaondoka kwa kukauka na jua tu, ndio maana lina magadi. Hayo magadi ndiyo yanapendwa na vile viumbe vidogo vya kijani vinaitwa spirulina, na flamingo mdogo ndiyo ugali wake hiyo, na hiyo ndiyo humpa rangi. Maji yalipoanza kupanda, kuanzia kama 2010, hadi geti kuu la zamani la mbuga likaingia majini, magadi yakawa mepesi, chakula kikapungua, ndege wengi wakahamia ziwa Bogoria. Mimi nimeona hayo maji yakipanda kwa macho yangu na sikuwahi kuunganisha hizo mbili.

Kile kitu nampendea ni hivi. Kuna rafiki akijua kitu anakujulisha kwamba wewe hukijui. Nimekuwa nao, unatoka kwa stori na umepungua kilo. Huyu hana hiyo. Ukimwambia "sijui" macho yanamwaka, anasema "hata mimi, ebu tuone," na mara nyingi ni ukweli, hajui, anatafuta na wewe mko hapo wawili mmeinamia simu ya kioo kimepasuka. Na usipopenda, anaacha. Amejaribu kuniamsha saa kumi na moja nikaskize ndege wakilia, nilimwambia mimi nalala, na hakununa, alienda peke yake akarudi na mandazi.

Alinileta pia hadi kwa maabara yake, si ndani sana lakini niliona. Kale kachupa kanaelea kwa maziwa kanaitwa laktomita, ukiongeza maji maziwa yanakuwa mepesi na kanazama zaidi ya vile inafaa. Halafu wanachanganya maziwa na spiriti kidogo, yakigandamana ujue yameanza kuharibika, hayatavumilia moto. Kutoka hiyo siku muuza maziwa wa ploti ananiogopa. Na tulienda kwa mama mmoja rafiki yake wa kutoka Bomet akatuonyesha mursik, maziwa ya Wakalenjin, inavyotengenezwa, kibuyu kinasuguliwa ndani na mkaa wa mti wa senetwet, ndio ile rangi ya kijivu na ile harufu ya moshi. Nilikuwa nimekunywa mursik miaka yote nikidhani ni maziwa yamelala.

Benga, muziki wa gitaa wa kwao, ilichukua muda. Mimi ni wa gospo na rumba kidogo. Alinikalisha chini akanichezea kwanza nyatiti, ala ya Wajaluo ya nyuzi nane, mzee anaimba na kugonga na pete ya chuma kwa kidole cha mguu, halafu akaweka benga, akasema sikiza gitaa, sikiza vile inakimbia, mkono ni uleule wa nyatiti umehamia kwa gitaa. Nikasikia. Saa hii hainitoki, hata salon naweka, wateja wa Section 58 wanashangaa.

Lakini ngoja, kile kilinigusa kabisa ni siku alikaa kwa kiti cha salon namsuka mistari, akaanza maswali yake. Unajuaje pa kuanzia? Kichwa ni duara, mbona mistari haigongani huku nyuma? Unahesabu? Sikuwa nimeulizwa hiyo maisha yangu yote, watu huuliza tu bei. Nikaanza kueleza, nikajisikia nikisema vitu sikujua najua, jinsi ya kugawanya kutoka utosi, jinsi ya kupunguza nywele kidogo kidogo kila msokoto ndio mstari uishe vizuri shingoni. Aliandika! Ako na kidaftari chake, mimi niko ndani, katikati ya laktomita na Sirikwa.

Sasa anataka Disemba twende kwao Kisumu. Kuna ndege kwa mafunjo ya Dunga, mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano, anaishi kwa mafunjo tu na mafunjo yanakatwa kila siku, kwa hivyo ati tuende mapema tumwone. Nimemwambia asubuhi ni yake na huyo ndege wake, hiyo moja nitaamka, lakini kuanzia saa sita ni mimi na samaki mzima, mkavu, na kuon, yaani ugali, na osuga, yaani managu, kando, na asiniulize samaki ameingia ziwa mwaka gani hadi nimalize. Nauli analipa yeye, ju ndiye ameanza.